Kilo 25 za Mchanga

Kwenye stoo ya hospitali ninakofanya kazi kuna mnara wa laparoskopi, yaani seti ya mashine za upasuaji wa matundu madogo. Ulikuja kwenye kontena la msaada miaka kadhaa iliyopita, umefungwa nailoni vizuri, na siku ulipofunguliwa tuliitwa wote kupiga nao picha. Una runinga, taa, kichwa cha kamera na mashine ya kusukuma gesi tumboni. Ulihudumia wagonjwa wanne. Wa tano akiwa mezani umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na ile mashine ya gesi ikaungua saketi. Daktari alimaliza kazi kwa kufungua tumbo kwa kisu, kama ilivyokuwa siku zote, na mgonjwa alitoka salama. Mimi ndiye fundi wa vifaa tiba. Mashine ile nimeifungua mara tatu. Kipuri kinachotakiwa hakitengenezwi tena.

Mwaka 2011 watafiti wawili, Perry na Malkin, walikusanya orodha za vifaa vya hospitali kutoka nchi zenye kipato kidogo na kukuta takriban asilimia 40 havifanyi kazi. Nilipoisoma namba hiyo nilichukua daftari nikaenda stoo kuhesabu vyetu. Sikuimaliza hesabu. Nilikaa juu ya kreti nikiutazama ule mnara, na hapo ndipo nilipoamua kwamba daktari akija tena na wazo lake, sitamkwepa.

Wazo lake nitalieleza, ila kwanza nimzungumzie shangazi.

Shangazi yangu alikuwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo. Alipasuliwa chini ya mbavu za kulia, mkato mrefu wa kupitisha kiganja kizima. Aliambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita, naye ni mkulima, na wiki sita hizo ziliangukia palizi. Shamba la mahindi liliingiwa na majani hadi likawa pori. Watoto wake wawili wakubwa waliacha shule kwa muda kushika jembe, na mmoja hakurudi. Kovu la shangazi limeshakuwa jeupe sasa. Kila anapolitaja, anamtaja na yule mtoto.

Upasuaji wa matundu madogo ungemfaa. Daktari anatoboa tundu moja kwenye kitovu na mengine mawili au matatu ya nusu sentimita hadi sentimita moja, anapitisha kamera na vyombo vyembamba, anafanya kazi akitazama skrini. Mgonjwa wa nyongo anaweza kurudi nyumbani kesho yake. Shida ni nafasi. Tumboni, ukuta wa mbele umelalia utumbo, na kamera ikiingia hapo haioni kitu. Ndiyo maana tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, likapanda kama paa la kuba.

Gesi hiyo inakuja na mambo yake. Inasukuma kiwambo cha kupumulia juu, mapafu yanabanwa, na sehemu yake inaingia kwenye damu. Kwa hiyo mgonjwa kwa kawaida hulazwa usingizi kamili, mpira kooni, mashine ikimpumulia, na mtaalamu wa usingizi akiwa na kipimo cha kuonyesha kiasi cha kaboni dayoksaidi anachotoa. Inahitaji mtungi, na mtungi wetu unatoka Dar es Salaam kwa lori. Inahitaji vitundu visivyovuja. Inahitaji ile mashine iliyoko stoo. Hospitali nyingi za wilaya zina ganzi ya mgongo, zina daktari anayejua tumbo, ila mnyororo huo wa gesi unakatikia njiani.

Daktari wetu bingwa alirudi kutoka mafunzoni akanikuta karakana. Hakukaa hata.

“Fundi,” akasema, “tumbo likinyanyuliwa kutoka juu badala ya kusukumwa kutoka ndani, gesi ya nini?”

Si jambo jipya. Miaka ya 1990 wapasuaji wa Japani na kwingineko walinyanyua ukuta wa tumbo kwa nyaya na ndoano. Nchi tajiri ziliona njia hiyo inachukua muda zaidi na haina faida ya wazi kwa mwenye gesi na usingizi wa uhakika, wengi wakaiacha. Lakini madaktari wa vijijini India, hasa kaskazini mashariki, waliendelea nayo kwa sababu ganzi ya mgongo inatosha na mtungi hauhitajiki. Baadaye Chuo Kikuu cha Leeds cha Uingereza kilishirikiana na wapasuaji wa India, wakiwemo wa Maulana Azad Medical College ya Delhi, kuunda kinyanyuo kipya kinachoitwa RAIS, kifupi cha jina lake la Kiingereza. Kilichonivutia ni kwamba waliwashirikisha watakaokitumia tangu kwenye michoro, hawakusubiri kuwapelekea kitu kilichokamilika. Daktari alikuwa amesoma habari hizo zote. Alikuwa na mchoro wake wa penseli, na alikuwa na fundi mchomeleaji anayejua chuma cha pua.

Tulipata sampuli ya kwanza baada ya miezi miwili. Nguzo inafungwa kwenye reli ya kitanda, mkono unatoka kwenye nguzo na kupita juu ya mgonjwa, na mwisho wa mkono kuna pete ya waya mnene iliyo wazi upande mmoja, inayoingizwa kwa kuizungusha kupitia mkato wa kitovuni. Ukikaza skrubu, mkono unapanda, na tumbo linapanda nao. Daktari alikuwa na furaha ya mtoto. Mimi nilimwambia hakigusi mgonjwa hadi nikivunje.

Nilianza na hesabu kwanza. Shinikizo la milimita 15 za zebaki ni sawa na kina cha maji cha sentimita 20 hivi, maana yake kila sentimita moja ya mraba inasukumwa na kama gramu 20. Ukichukua eneo la tumbo la sentimita 25 kwa 25, gesi inafanya kazi ya kunyanyua kilo 12 hadi 13. Kwa hiyo mkono wetu ukibeba uzito huo tu, umebeba kazi ya kawaida, na kifaa cha kuning'inia juu ya utumbo wa mtu hakipimwi kwa kazi ya kawaida. Niliongeza mara mbili. Nikashona mifuko ya turubai, nikaijaza mchanga, nikaipima kwenye mizani ya jikoni ya wodi: kilo 25. Nikaufunga mkono kwenye kitanda cha zamani karakana, nikaining'iniza, nikachora mstari wa penseli ukutani sawa na ncha ya mkono. Nikasubiri saa nne.

Saa ya kwanza ncha ilishuka milimita 2. Baada ya hapo ikatulia. Daktari alipiga makofi.

Lakini kabla ya mchanga kulikuwa na kitanda, na kitanda ndicho kilichotuaibisha mwanzo. Vyumba vyetu vya upasuaji ni vitatu, na vitanda vitatu vimetoka nchi tatu. Reli ya kimoja ni nene na fupi, ya pili ni pana na nyembamba, ya tatu iko katikati. Kishikio cha nguzo kilikamata kimoja, kikacheza kwenye kingine, na cha tatu hakikuingia kabisa. Sampuli ilikuwa imetengenezwa kwa kipimo cha kitanda cha chumba namba 1 kwa sababu ndicho daktari anachokitumia. Ingefika hospitali ya wilaya, ingekaa stoo pamoja na ule mnara. Kishikio kikabuniwa upya, kikawa na taya zinazofunguka kwa vipimo vyote vitatu.

Tumbo la bandia tulilitengeneza kwa pipa la plastiki lililokatwa nusu, ngozi mbichi ya mbuzi ikatandazwa juu na kukazwa kwa kamba, ndani tukaweka utumbo wa mbuzi kutoka machinjioni. Tulifanya kazi jioni, orodha ya wagonjwa ikishaisha, tukisafisha chumba mara mbili baadaye. Hapo niliona kwa macho yangu kasoro ambayo maandishi hutaja kwa sentensi moja. Gesi hufanya kuba, nafasi inaenea hadi pembeni. Kinyanyuo hufanya hema. Katikati kuna nafasi ya kutosha, ila pembeni ngozi inashuka, utumbo unajikusanya na kuingia mbele ya kamera. Mahali ambapo kwa mtu pangekuwa na kidole tumbo na mirija ya uzazi daktari aliona vizuri. Upande wa mbali alihangaika. Kwa mtu mnene hali itakuwa ngumu zaidi, na daktari aliliandika hilo mwenyewe kwenye daftari la majaribio kwa herufi kubwa: WENYE UNENE MKUBWA HAPANA KWA SASA. Nilimheshimu sana kwa mstari ule, maana kifaa ni chake.

Sasa nimfikie Sista.

Sista ndiye msimamizi wa kutakasa vifaa. Ana miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi hiyo, na mikono yake imekauka kwa sabuni. Hakuwa kwenye kikao chetu chochote. Mimi na daktari tulimpelekea kifaa ili akipitishe kwenye otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke wa moto, basi, kama unavyompelekea mtu shati la kufua. Alikipokea, akakigeuza, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akauliza: “Hiki kimeshawahi kuona damu?”

Tukasema bado.

“Basi hamjakijaribu.”

Kesho yake alikuja na chupa ya damu ya mbuzi. Aliipaka kifaa chote, akakiacha kwenye beseni saa mbili, kwa sababu, alisema, ndivyo inavyokuwa usiku kukiwa na dharura mbili zinazofuatana na mhudumu mmoja. Damu ikakauka, ikawa nyeusi. Kisha akampa kijana mpya kabisa wa kitengo akioshe kwa utaratibu wa kila siku: maji baridi, sabuni ya kuoshea vifaa, brashi, suuza. Yule kijana aliosha kwa bidii. Kilitoka kinang'aa. Sista akachukua bomba la sindano lenye haidrojeni peroksaidi, akadondosha tone kwenye meno ya ile skrubu ya kukazia. Tone likachemka. Povu jeupe likapanda kutoka kwenye kila jino, likamwagika pembeni. Povu hilo linatoka damu ikiwepo, hata isiyoonekana.

Hakuishia hapo. Alinyanyua mkono wa kifaa, akauweka sikioni, akautikisa taratibu. Akanipa. Nikatikisa. Ndani maji yalikuwa yanacheza.

Mkono tulikuwa tumeutengeneza kwa bomba lenye uwazi ndani ili uwe mwepesi, ncha zikazibwa kwa kuchomelea. Mahali fulani kwenye mchomeleo kulikuwa na ufa ambao jicho halikuuona. Maji ya kuoshea yenye damu yalikuwa yamepenya. Mvuke wa otoklevu usingefika humo vizuri, ila joto lingeyatoa tone moja moja, baadaye, juu ya tumbo la mtu lililo wazi. Nimekuwa fundi wa vifaa tiba muda mrefu. Nilikuwa nimeupima mkono ule kwa kilo 25, kwa rula, kwa saa ya ukutani. Kuutikisa sikioni sikufikiria.

Jioni ile nilisoma hadi usiku habari za wale waliotutangulia, kwa sababu nilitaka kujua wao walikosea wapi. Erich Mühe, mpasuaji wa Böblingen nchini Ujerumani, alitoa kifuko cha nyongo kwa laparoskopi tarehe 12 Septemba 1985, wa kwanza duniani, kwa kifaa alichokibuni mwenyewe. Mwaka uliofuata aliwaeleza wenzake kwenye mkutano wa wapasuaji wa nchi yake, wakamdharau. Mgonjwa wake mmoja alipofariki alishtakiwa, na kesi ilimwandama hadi 1990 aliposafishwa. Mwaka 1992 chama kilekile cha wapasuaji kilimpa tuzo. Watu husimulia habari hiyo kama ushindi wa mtu aliyepuuzwa, na kweli aliumizwa. Lakini nikiwa fundi naona na upande mwingine. Mtu mmoja alibuni, akatumia, akahukumu matokeo yake mwenyewe, na hapakuwa na utaratibu wowote wa kumlinda mgonjwa wala wa kumlinda yeye. Njia hiyo ilipofika Marekani miaka michache baadaye ilienea kwa kasi mno, wapasuaji wakijifunza kwa mafunzo ya siku chache, na wagonjwa wengi wakakatwa mirija ya nyongo. Mwaka 1992 jimbo la New York lilitoa mwongozo kwamba mpasuaji afanye walau upasuaji 15 chini ya msimamizi kabla ya kuachiwa peke yake.

Kisa cha pili ndicho kilichoninyima usingizi. Tangu miaka ya 1990 kulikuwa na mashine ya kukata uvimbe wa mfuko wa uzazi vipandevipande ukiwa bado tumboni, ili utoke kupitia tundu dogo. Ilikata vizuri. Kwa kukata, ilikuwa imefaulu. Mwaka 2013 daktari mmoja wa usingizi wa Boston, Amy Reed, mama wa watoto sita, alifanyiwa upasuaji kwa mashine ya aina hiyo. Uvimbe ule ulikuwa na saratani iliyojificha, na mashine ikaitawanya tumboni. Yeye na mume wake, mpasuaji, walipaza sauti hadi Aprili 2014 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani ikatoa tahadhari, ikikadiria kwamba kama mwanamke 1 kati ya 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya uvimbe wa aina hiyo ana saratani isiyojulikana. Amy Reed alifariki 2017. Kwa miaka karibu ishirini mashine ile ilipimwa kwa makali yake. Swali la kile inachoacha nyuma halikupewa uzito wake.

Nilifunga kompyuta nikafikiria lile tone lililochemka.

Siku iliyofuata nilimwomba Sista aingie kwenye kikundi rasmi, jina lake liandikwe kwenye daftari pamoja na letu. Alikubali kwa sharti: kifaa kisipite kwake mara moja, kipite mara 50, damu, beseni, kuosha, otoklevu ya nyuzi 134, na kila baada ya mara 10 kirudi kwangu kwenye mchanga. Daktari alihesabu wiki akanung'unika kidogo, kisha akasema sawa, Sista.

Sampuli ya pili mkono wake ni nondo kamili ya chuma cha pua, hakuna uwazi ndani. Ni mzito zaidi, ndiyo. Skrubu tumeiondoa, badala yake kuna pini inayoingia kwenye matundu, na kila tundu linapita upande hadi upande ili brashi ya chupa iingie na kutokea. Pini niliipenda kwa sababu nyingine pia: ile skrubu, baada ya kupita otoklevu mara 10, ilikuwa imeanza kuteleza. Mstari wa ukutani ulionyesha milimita 9 chini ya penseli. Sentimita karibu nzima, kwa kifaa kinachoshikilia paa juu ya mikono ya daktari. Kwa pini, baada ya mara 10 ncha haikushuka hata upana wa mstari. Mara 20, vilevile.

Kuna watu hospitalini wanaotuuliza mbona tunachelewa, wagonjwa wapo. Najua wapo. Mwezi uliopita alilazwa mama mwenye mawe ya nyongo, mkulima wa mpunga, umri kama wa shangazi alipopasuliwa. Nilipita wodini kurekebisha mtungi wa oksijeni, akaniamkua, tukaongea kuhusu mvua. Mumewe alikuwa anauliza atakaa siku ngapi. Nilitamani kumwambia kuna kitu karakana. Sikumwambia, kwa sababu kilichoko karakana bado ni chuma, na yeye asingeweza kutofautisha matumaini yangu na ahadi. Alipasuliwa kwa mkato mrefu.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza kuna njia ndefu bado. Kuna kamati ya maadili, kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kuna bima ya mshiriki, kuna fomu ya ridhaa. Hiyo fomu tumeiandika upya mara nne. Ya kwanza ilikuwa kurasa saba za Kiswahili cha ofisini, nikaipeleka nyumbani nikamsomea shangazi. Alisikiliza hadi ukurasa wa pili akaniuliza, “Mwanangu, hapo wamesema nikikataa watanitibu au watanifukuza?” Ilikuwa imesemwa, kwenye ukurasa wa sita. Sasa ni sentensi ya kwanza: Ukikataa, utatibiwa kama kawaida, na hakuna atakayekukasirikia. Ya pili inasema kifaa hiki hakijawahi kutumika kwa mtu. Daktari alitaka kuilainisha kidogo ile ya pili. Sista akamtazama tu.

Leo asubuhi ilikuwa mara ya 31. Nilikuta Sista ameshaanza, kifaa kwenye taulo la kijani, chupa ya peroksaidi mkononi. Yule kijana aliyeosha alisimama pembeni, mikono nyuma, kama anasubiri majibu ya mtihani. Tone la kwanza kwenye tundu la pini: kimya. La pili: kimya. La tatu, kwenye kona pete inapoungana na mkono, kikatoka kiputo kimoja, kidogo kama kichwa cha pini ya kushonea, kikapasuka.

Sista aliinua kioo chake cha kukuzia, akaangalia kona ile muda mrefu. Akaniita nitazame. Palikuwa na mfereji mwembamba kwenye mchomeleo, upana wa unywele.

Nimeupiga picha kwa simu na kumtumia fundi mchomeleaji. Kesho atakuja kuusawazisha, na hesabu inaanza upya kutoka 1.